Nyuma ya Mbwa wa Kutisha Kuna Mtu: Kitabu cha Picha cha Mwaka 1902 na Historia Yetu ya Maniema

Leo ukurasa wetu wa historia unafungua kitabu cha mbali. Msishangae. Mpaka mwisho mtaona kwamba njia yake inapita hapa kwetu.

Kitabu hicho kinaitwa The Hound of the Baskervilles, maana yake mbwa wa ukoo wa Baskerville. Kilitoka London mwezi wa Machi 1902, kikiwa na michoro 16 ya msanii Sidney Paget. Aliyekiandika ni Arthur Conan Doyle, daktari mzaliwa wa Scotland, yule aliyemwumba mpelelezi Sherlock Holmes. Miaka 7 baadaye, mwaka 1909, mtu huyo huyo alitoa kitabu kingine, ambacho si hadithi ya kubuni: The Crime of the Congo, yaani uhalifu uliotendwa Kongo. Dunia nzima inamkumbuka kwa kitabu cha kwanza. Sisi Wakongo tuna sababu ya kuviweka vyote viwili juu ya meza moja, kwa sababu vinauliza swali lile lile: watu wanapotishwa, ni nani anayepata faida?

Hadithi yenyewe

Kitabu cha mbwa kilianza kama masimulizi ya mdomoni. Mwandishi wa habari kijana, Bertram Fletcher Robinson, alimweleza Doyle hadithi za wenyeji wa Dartmoor, nyika ya mawe, ukungu na matope huko kusini-magharibi mwa Uingereza. Watu wa huko walisema kuna mbwa wa kishetani anayetembea usiku. Doyle alichukua mzizi huo akaupalilia. Kuanzia Agosti 1901 hadi Aprili 1902 hadithi ilitoka kipande kwa kipande katika jarida la The Strand, ikiwa na michoro 60 ya Paget. Wasomaji walikuwa na kiu, maana tangu Desemba 1893 Doyle alikuwa amemwua Holmes katika hadithi nyingine, na walikuwa wakimdai arudi.

Ni hadithi ya aina ambayo Wazungu walikuwa wameipenda kwa zaidi ya miaka 100: jumba kubwa la zamani, laana ya ukoo, usiku, sauti isiyojulikana inatoka wapi. Mzee Charles Baskerville, tajiri, anakutwa amekufa katika njia ya bustani yake. Mwilini hana jeraha. Karibu naye kuna nyayo za mbwa mkubwa mno. Wenyeji wanasema laana imetimia, kwa kuwa babu mmoja wa ukoo huo, Hugo, alikuwa mwovu, na inasemwa aliraruliwa na mbwa wa shetani. Sasa mrithi, kijana Henry, anafika kutoka Kanada. Je, naye atakufa?

Mchango wa Paget ulikuwa mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Picha ya Holmes ambayo watu wengi wanayo kichwani ni kazi ya mkono wa Paget. Ile kofia yenye ncha mbele na nyuma, Paget ndiye aliyemvisha katika mchoro wa mwaka 1891. Doyle hakuitaja kwa jina lake hata mara moja. Katika kitabu cha mbwa, Paget alichora kwa rangi nyeusi na kijivu ule usiku wa mwisho: mnyama amemwangusha Henry chini, na Holmes anafyatua bastola. Msomaji wa mwaka 1902 hakuambiwa tu kwamba mbwa yupo. Alimwona. Na aliyeona kwa macho ni vigumu kumbishia.

Picha iliyotoboa siri

Ndani ya hadithi hiyo kuna picha nyingine, nayo ndiyo ninayotaka mwishike. Holmes anapokaa mezani katika jumba la Baskerville, anatazama picha za mababu zilizotundikwa ukutani. Usiku anachukua mshumaa, anapanda juu ya kiti mbele ya picha ya Hugo, yule babu mwovu. Kwa mkono wake anafunika kofia pana na nywele ndefu, ubaki uso peke yake. Uso huo ni wa jirani yao Stapleton, mtu mpole anayetembea nyikani kukamata vipepeo.

Hapo siri inafunguka. Stapleton ni wa ukoo huo huo, amejificha kwa jina jingine. Charles akifa, na Henry akifa, mali yote ya ukoo, karibu paundi milioni 1, inaweza kuwa yake. Mbwa ni mbwa kweli, mwenye meno kweli, lakini alinunuliwa London, akafungwa kisiwani katikati ya matope, akalazwa njaa, akapakwa dawa ya fosforasi ili mdomo wake ung'ae gizani kama moto. Mzee Charles hakuumwa hata kidogo. Alikimbia, na moyo wake ulisimama. Woga ndio uliomwua.

Hilo ndilo fundisho la kitabu. Hakisemi mbwa hayupo. Kinasema mbwa ana mwenyewe, na mwenyewe ana hesabu zake.

Maniema katika vitabu vya picha

Wazungu waliosoma habari za mbwa huyo mwaka 1902 walikuwa tayari wamekwisha kuonyeshwa kitisho kingine katika vitabu vya picha. Kitisho hicho kilikuwa sisi, watu wa Maniema.

Mwezi wa Septemba 1869 David Livingstone alifika mahali alipopaita Bambarre, ambapo wanahistoria wanapatambua kuwa ni Kabambare yetu. Huko njiani alikuwa amejazwa masikio na habari kwamba Wamanyema wanakula watu. Vidonda vya miguu vilimshika, akakaa hapa miezi mingi. Baadaye akaenda Nyangwe, kando ya Lualaba. Karatasi zilikuwa zimemwishia, hivyo akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino aliotengeneza kutokana na mmea. Tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wenye bunduki wakifyatua risasi sokoni Nyangwe. Waliokufa walikuwa mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Wengine walijitupa mtoni, wakazama.

Mwaka 1874, baada ya kifo chake, shajara zake zilichapishwa London zikiwa na michoro. Mauaji ya Nyangwe yamo katika michoro hiyo. Iliandaliwa Ulaya, mbali na Lualaba, lakini kwa msomaji wa London ndiyo ilikuwa Maniema. Ndipo mambo yakafanana na kazi ya Holmes. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walizipiga picha zile kurasa za gazeti chini ya mianga ya rangi mbalimbali, mpaka wino uliofifia ukasomeka tena. Wakaona kwamba maneno aliyoyaandika Livingstone papo hapo Nyangwe hayalingani kila mahali na yale yaliyochapishwa 1874. Ushahidi ulikuwa umelala miaka 140, ukingoja mtu aushikie mshumaa.

Kisha kikaja kitabu cha Sidney Hinde, daktari Mwingereza katika jeshi la Dola Huru ya Kongo, lile dola la mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Hinde alishiriki vita vya 1892 hadi 1894 dhidi ya Waarabu na Waungwana. Katika vita hivyo kamanda Dhanis alichukua Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, na mwanzoni mwa 1894 Kabambare nayo ikachukuliwa. Kitabu chake cha 1897 kimejaa habari za kula watu, nyingi zikisemwa juu ya wasaidizi wa jeshi la upande wake mwenyewe.

Hapa tusikosee. Biashara ya watumwa haikuwa uzushi. Wazee wetu walifungwa minyororo, vijiji vilichomwa, na Nyangwe ni shahidi. Mbwa alikuwa na meno. Lakini tufanye kama Holmes, tufunike kofia na nywele, tuutazame uso. Kabla ya vita, pembe za tembo za Maniema zilitoka Kasongo, zikapita Kabambare, Ujiji na Tabora mpaka Zanzibar. Baada ya vita, pembe hizo hizo zilielekea magharibi, zikashuka mto mpaka Matadi, zikapanda meli kwenda Antwerp. Ulaya iliambiwa kwamba jeshi limekuja kuwakomboa Waafrika kutoka kwa mnyama. Hesabu za bandarini zilionyesha kwamba mrithi mpya ameingia katika jumba.

Karani aliyesoma meli

Hesabu hizo za bandarini zilisomwa na mtu mmoja, naye hakuwa polisi. Edmund Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli iliyobeba mizigo ya Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 1890 alikuwa akitumwa Antwerp. Aliona meli zinafika zimejaa mpira na pembe za tembo. Aliona pia zinaporudi Kongo: bunduki, risasi, na bidhaa chache sana za biashara. Akajiuliza, kama hatuwapelekei watu kitu cha kuwalipa, wanatoa mpira kwa sababu gani? Jibu lilikuwa moja tu: kwa kulazimishwa. Morel hakuwa amekanyaga Kongo. Alitoboa siri kwa kusoma mizigo, kama vile Holmes alivyosoma viatu vya Henry vilivyoibwa hotelini.

Mwaka 1903 balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, alipanda mto Kongo, akawasikiliza wanakijiji, na ripoti yake ilitoka mwaka 1904. Mwezi wa Machi 1904 Morel na wenzake walianzisha chama cha kudai mabadiliko Kongo.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo, huko Baringa katika Equateur, baba mmoja aitwaye Nsala alifika kwenye misheni akibeba furushi la majani. Ndani mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mwenye miaka 5, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga Nsala picha akiwa ameketi, anatazama kile kilichobaki cha mtoto wake. Picha hiyo ilizunguka Ulaya na Marekani, katika vitabu na katika mikutano ambako picha zilionyeshwa ukutani kwa taa. Mwandishi Mmarekani Mark Twain, katika kijitabu chake cha 1905 cha kumdhihaki Leopold, alimfanya mfalme alalamike kwamba kamera ndiyo shahidi pekee ambaye ameshindwa kumhonga.

Lakini tusiseme kwamba kamera peke yake ndiyo ilisema. Leopold alipobanwa, alituma tume ya uchunguzi Kongo mwaka 1904. Mbele ya tume hiyo alikuja chifu Lontulu wa Bolima akiwa na vijiti 110. Aliviweka mezani kimoja kimoja, kila kijiti mtu mmoja wa kwake aliyeuawa kwa ajili ya mpira, akisema ni nani. Hakuwa na kamera wala karatasi. Alikuwa na hesabu na majina. Ndugu zangu mnaokumbuka watu wenu kwa majina, huyo ni mwalimu wenu kuliko hata Holmes.

Kitabu cha pili cha Doyle

Mwezi wa Novemba 1908 Ubelgiji ilichukua Kongo kutoka mikononi mwa Leopold. Watu wengi Ulaya wakasema yamekwisha. Doyle hakukubali. Aliona kwamba bendera imebadilika, lakini watumishi ni wale wale na kazi ya kulazimishwa bado ipo. Mwaka 1909 akaandika The Crime of the Congo, akipanga ushahidi mwaka kwa mwaka: ripoti za mabalozi, barua za wamisionari, maneno ya tume. Akazunguka miji ya Uingereza pamoja na Morel, akihutubia. Mtu ambaye umma ulimjua kwa mbwa wa kubuni alitumia jina lake kuwaelekeza kwenye unyama wa kweli.

Njia ni ile ile. Dola la Leopold lilijipaka rangi ya huruma: kupinga utumwa, kuleta ustaarabu, kufungua njia. Rangi hiyo iling'aa kama fosforasi. Doyle na Morel walifanya kama Watson, rafiki wa Holmes, ambaye baada ya mbwa kufa alimgusa mdomo, na vidole vyake mwenyewe vikang'aa. Kumbe ni dawa, imepakwa na mtu.

Jicho lililoona, na pale lisipoona

Nikiishia hapo nitakuwa nimemfanya Doyle malaika, na historia haihitaji malaika. Mwaka ule ule wa 1902, Doyle alitoa kijitabu kingine, cha kutetea jeshi la Uingereza katika vita vya Afrika Kusini. Katika vita hivyo Waingereza walichoma mashamba ya Makaburu na kuwafungia wanawake na watoto katika kambi. Zaidi ya 20,000 walikufa humo kwa magonjwa na njaa, na Waafrika weusi maelfu walikufa katika kambi zao. Doyle aliona sababu za kuyatetea hayo, na mwaka huo akapewa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza. Alimwona mbwa wa Mbelgiji. Mbwa wa nyumbani kwake alimpita pembeni.

Halafu akazeeka, na picha zikamdanganya. Mwaka 1917 wasichana wawili wa kijiji cha Cottingley huko Uingereza walijipiga picha wakiwa na viumbe vidogo vyenye mabawa. Doyle aliamini kwamba ni viumbe vya kweli. Mwaka 1920 aliandika juu yake katika The Strand, jarida lile lile la Holmes, na mwaka 1922 akatoa kitabu kizima. Mwaka 1983 wasichana hao, wakiwa wamekuwa bibi wazee, walikiri: ni michoro ya karatasi waliyoikata na kuisimamisha majanini.

Ni nini kilichomshinda? Alikuwa na hamu. Mwanawe na ndugu yake walikuwa wamekufa, na alitaka sana kuamini kwamba kuna ulimwengu mwingine unaoonekana. Picha ya uongo huingia kwa mlango huo: mlango wa kile tunachokitamani sana, au kile tunachokiogopa sana.

Bwana Msa wa Zanzibar

Hadithi ya namna hii tunayo pia katika lugha yetu. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa riwaya ya Kiswahili Mzimu wa Watu wa Kale, ambayo ilikuwa imeshinda shindano la uandishi la mwaka 1957 hadi 1958. Mpelelezi wake anaitwa Bwana Msa, mvuta kiko kama Holmes, na rafiki yake Najum yuko kando yake kama Watson.

Hapa kwetu tukisema muzimu tunafikiri roho ya mtu aliyekufa. Katika riwaya hiyo mzimu ni mahali pa zamani ambapo watu hupeleka sadaka, na hapo maiti inakutwa. Watu wengi wanakuwa tayari kusema kwamba wa kale wamekasirika. Bwana Msa hawatukani wale wanaoamini. Anauliza tu maswali: marehemu alikuwa na mali gani, aligombana na nani, nani alikuwa wapi. Mwishoni muuaji ni mtu mwenye mikono miwili. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba kuuliza ushahidi ni tabia ya Wazungu. Bwana Msa aliuliza kwa Kiswahili.

Picha zinazofika kwenye simu zetu

Sasa turudi Kabambare. Sisi sote tunajua inavyokuwa. Jioni simu moja yenye chaji inapokea picha: nyumba zinaungua, miili iko chini. Chini yake kuna maneno mawili, kijiji fulani, leo. Ndani ya saa moja akina mama wamefunga mizigo. Mara nyingine habari ni ya kweli, na waliokimbia mapema ndio waliopona. Mara nyingine picha ni ya miaka iliyopita, au ya nchi nyingine, na walioondoka wakakuta mavuno yamevunwa na mbuzi wamechukuliwa. Na kama Mzee Charles, wapo waliokufa njiani bila kuguswa na risasi: mtoto kwa homa porini, mama kwa uzazi, mzee kwa uchovu.

Je, kitabu cha mbwa kinatuambia tusikimbie? Hapana, na sehemu hii tuisome vizuri. Kabla upelelezi haujaisha, Holmes alimwonya Henry asitembee nyikani usiku. Hakusema kwamba laana ni ya kweli, wala hakucheka. Alisema tu, jilinde kwanza, huku tunatafuta. Aliyekimbia na watoto wake kwa sababu ya sauti ya risasi hahitaji kumwomba mtu yeyote radhi. Kujilinda ni haki. Kuuliza ni haki pia, na haki moja haifuti nyingine.

Hata Holmes mwenyewe alikosa jambo kubwa. Ili amnase Stapleton, alimwacha Henry apite nyikani usiku kwa miguu, kama chambo. Ukungu ukashuka, mbwa akamfikia na kumwangusha, na kijana akapona kwa nafasi ndogo sana, akaugua muda mrefu kwa mshtuko. Wakubwa wanaopanga mambo ya usalama wetu wakumbuke ukurasa huo. Watu wa kijiji si chambo.

Kwa hiyo, picha inapofika, tuishikie mshumaa kabla ya kuisukuma kwa wengine. Aliyeipiga ni nani, na alisimama wapi? Miti, paa na nguo ni za kwetu? Kivuli na mvua vinalingana na majira haya? Yuko mtu wa kijiji kile tunayeweza kumpigia na kusikia sauti yake? Na swali la Holmes, la Morel na la Bwana Msa: tukiondoka sote usiku huu, nani atabaki na shamba, na nani atabaki na shimo la dhahabu? Teritware yetu ina dhahabu huko Namoya na mahali pengine, na ardhi yenye utajiri chini haikosi watu wa kuitamani ikiwa tupu juu.

Swali hilo linafaa pia pale tunapoambiwa kwamba adui yetu ni kabila fulani zima, au wageni fulani wote, au waliokimbia waliolala kwa jirani. Kabila zima halina uso. Ni kofia pana na nywele ndefu. Ukiifunika kwa mkono utaona mtu, ana jina, na mara nyingi ana biashara. Wazee wetu wa Maniema waliwahi kuchorwa wote kama wala watu katika vitabu vilivyosomwa na watu wasiowajua. Sisi wajukuu wao tunajua uchungu wa kuchorwa hivyo. Tusimchore mwingine.

Na ninyi mlioacha nyumba, vijiti vya Lontulu vinawahusu. Wengi wenu mlitoka bila picha, bila cheti cha ubatizo, bila karatasi ya shamba. Lakini mnayo majina: ya waliokufa, ya waliopotea, ya mto uliopakana na shamba, ya jirani aliyejua mpaka. Yaandikeni katika daftari la mtoto wa shule, pamoja na tarehe na mahali, na daftari hilo mlitunze palipo salama. Kama hakuna daftari, wafundisheni watoto majina hayo mpaka wayajue bila kusita. Wino wa Livingstone ulisomeka baada ya miaka 140. Vijiti 110 viliwekwa mezani, na tume ya mfalme mwenyewe haikuweza kusema kwamba haikuviona.